Namna ya kuandaa mdahalo wa "mpira ufutwe" bila kuvunjiwa benchi

Benchi langu la tatu kutoka mbele lina miguu mitatu ya mninga na mmoja wa bomba la maji. Huo wa bomba niliuweka Novemba 2023, siku mbili baada ya Yanga kumfunga Simba kwa idadi ambayo ndani ya kibanda changu haitamkwi mpaka leo. Sababu utaiona huko chini. Mapumziko ilikuwa moja moja, watu wanakunywa kahawa kwa adabu zao. Kipindi cha pili mvua ya mabao ikanyesha. La mwisho lilipoingia, kijana mmoja wa bodaboda alikuwa amesimama juu ya benchi, mwenzake akalivuta kutoka chini, nikasikia mti ukilia.

Nina kibanda umiza, banda la kuoneshea mpira kwa kiingilio, huku Temeke, huu mwaka wa kumi na moja. Marehemu mume wangu alikuwa Yanga wa kutoa machozi. Mimi sina timu, nina mabenchi.

Wiki ile ile wakubwa wa mtaa wakaja. Wakasema kibanda kifungwe siku za watani, Simba na Yanga, maana mpira unafundisha watoto fujo na hauna faida yoyote kwa binadamu. Nikamwambia mwenyekiti, baba, kabla hujanihukumu tufanye mdahalo, watu waseme, tupige kura. Mkishinda, nafunga. Yeye alikubali kwa kuwa alijua atashinda. Mimi nilikubali kwa kuwa kiingilio cha mdahalo ni buku, shilingi elfu moja.

Tangu siku hiyo wenye vibanda wenzangu, wa Mbagala mpaka Tandika, wananiuliza ulifanyaje. Basi nawaandikia mara moja, msinipigie simu tena wakati nakaanga samaki.

Anza na mada, na iwe ya kupita kiasi. Sisi tuliandika ubaoni "Michezo ina madhara". Kosa kubwa. Kila aliyesimama alisema ndiyo, ina madhara, na chumvi ina madhara, na shemeji aliyekuja kwa wiki moja akakaa miezi minane naye ana madhara. Robo saa nzima tunakubaliana kama tuko msibani, na watu wameshalipa. Nikafuta ubao, nikaandika upya: "Mpira wa miguu ufutwe nchini kuanzia Jumatatu." Hapo kibanda kikachangamka. Mada nzuri ni ile ambayo hata anayeiunga mkono anaona haya kidogo. Na hiyo Jumatatu usiisahau. Ukiandika "kuanzia kesho" na kesho yenyewe ni Jumamosi, hutapata muungaji hata mmoja.

Kugawa pande: usiwaweke Simba huku na Yanga kule, hiyo itakuwa mechi isiyo na mpira. Wachanganye. Kisha yule anayepiga kelele kuliko wote siku za mechi mpe kazi ya kutetea mpira ufutwe. Kwetu huyo ni fundi cherehani, Simba wa damu, mtu ambaye timu yake ikifungwa suruali za wateja zinalala bila zipu siku tatu. Alisimama, akakohoa, akasema, "Ndugu zangu, mimi ushahidi ninao mwilini. Tangu Novemba sijala wali nikashiba." Kibanda kizima kikampigia makofi, Yanga kwa furaha, Simba kwa kumwelewa.

Anayeongoza mdahalo awe mtu asiyejua mpira kabisa. Ukimpa anayejua, atachangia. Mimi nilimweka mama chapati wa pembeni yangu, ambaye kwa miaka yote hii anaamini ofsaidi ni jina la mchezaji. Anakaa mbele na mwiko na sufuria. Mwiko ukigonga, umekaa, hata kama sentensi yako haijafika kwenye kitenzi. Nilimchagua kwa utani tu. Baadaye ndiye aliyetuumbua wote.

Kuna kanuni ya namba. Namba mbili hazitamkwi humu ndani, wala hazioneshwi kwa vidole. Moja ni ile inayokaa kati ya nne na sita. Ya pili ni hiyo niliyoitaja sasa hivi, maana hapa naandika, sipo ukumbini. Ile ya kwanza Yanga walimpiga nayo Simba mwaka 1968, Simba akairudisha 2012, Yanga wakaichukua tena 2023. Ya pili ni mali ya Simba, ya Julai 1977, na ukiitaja mbele ya mzee wa Yanga unamtonesha kidonda kilichowazidi umri watoto wake. Faini ni jero, yaani nusu ya buku. Nasema jero kwa makusudi: kuna bwana alisimama kudai faini itajwe kwa Kiswahili fasaha, akaitaja, akailipa hapo hapo.

Usumbufu wake upo. Ustadhi wa madrasa alitaka kutaja idadi ya swala za faradhi, akanyanyua mkono, akaushusha, akasema "zile zote". Mwalimu mstaafu alipofika kwenye maafa ya Brussels alisema yalitokea "mwaka uliofuata 1984". Muda wa kuzungumza ni dakika nne au saba, katikati hapana kitu. Mtu mmoja akakata rufaa kwamba sitini nayo ihesabiwe, maana ni jamaa yake. Mama chapati akasema hajui ukoo wa namba, sitini ni sitini, endeleeni.

Sasa ushahidi. Hapa ndipo wengi wanachemsha, kwa kuwa kijiwe kimezoea "nilisikia". Toa amri mapema: kila mzungumzaji aje na kisa kimoja chenye mahali na mwaka. Sisi tulipeana siku nne za kutafuta kwenye simu, na nilishangaa. Watu ambao hawajui kodi yao ya nyumba inaisha lini walikuja na karatasi.

Wanaotaka mpira ufutwe waanzie mbali, inapendeza. Fundi cherehani alianzia Konstantinopoli, mwaka 532. Mpira haukuwepo, yalikuwepo mashindano ya magari ya farasi, na mji umegawanyika mashabiki wa Bluu na mashabiki wa Kijani. "Yaani sisi na wao," akasema, bila kutaja nani ni nani. Wakafanya fujo, wakachoma nusu ya mji, na waandishi wa zama zile wanasema waliouawa walifika kama 30,000. Kibanda kikanyamaza. Mwalimu mstaafu wa upande wa pili akaomba taarifa. Akasema fundi ameruka kipande: siku ile Bluu na Kijani hawakupigana wao kwa wao. Walipatana. Waliungana dhidi ya mfalme Justiniano, na mfalme akaingiza askari uwanjani watu wakiwa ndani. "Kwa hiyo, bwana mdogo, hatari haikuwa watani kugombana. Hatari ilikuwa watani kuelewana." Yanga mmoja na Simba mmoja waliokuwa wamekaa pamoja wakaachiana nafasi kidogo.

Wa pili akaleta Honduras na El Salvador, 1969, nchi mbili zilizopigana vita ya siku nne hivi baada ya mechi za kufuzu Kombe la Dunia. Kisa hiki kila mdahalo kitakuja, kwa hiyo uwe na jibu lake. Wakulima maelfu wa El Salvador walikuwa wamehamia Honduras kutafuta ardhi, Honduras wakaanza kuwafukuza. Mpira ulikuwa kiberiti. Nyasi kavu zilikuwa za mashamba. Atakayesema mpira peke yake ndio ulioleta vita ile, muulize kama ndugu wanaogombea kiwanja Kibaha nao waliletewa na mpira.

Na hapa nyumbani hatukukosa. Oktoba 1, 2016, mechi ya watani Uwanja wa Taifa, viti vikang'olewa na Serikali ikazifungia timu zote mbili kuutumia uwanja ule. Aliyekisema alikisema akiangalia benchi langu lenye mguu wa bomba. Sikumjibu.

Wanaopinga nao wasijifanye malaika. Port Said, Februari 1, 2012: Al Masry wamewafunga Al Ahly tatu kwa moja, wameshinda, na bado mashabiki wao waliingia uwanjani na kushambulia wageni. Walikufa watu 74. Brussels kwenye uwanja wa Heysel, ule mwaka wa mwalimu, watu 39, baada ya mashabiki wa Liverpool kuwavamia wa Juventus na ukuta kuanguka. Klabu za Uingereza zikafungiwa mashindano ya Ulaya miaka mitano. Hapo huna la kutetea. Ukitetea, umeshindwa mdahalo na watu watakuangalia vibaya mpaka kwenye foleni ya maji.

Kwenye sheria za kufuta ndiko mwalimu mstaafu alipopata raha yake. Alisema mpira ulipigwa marufuku London mwaka 1314, kwa jina la mfalme, kwa sababu ya kelele. Waskoti wakatunga sheria yao mwaka 1424. "Leo tunalipa kiingilio kuwatazama nani Jumamosi?" Akaongeza Pompei: mwaka 59 watu wa mji ule walipigana na wageni wa mji jirani kwenye michezo ya kupigana kwa mapanga, Baraza la Roma likafungia michezo yao miaka kumi. Kijana mmoja akauliza, ikasaidia? Mwalimu akasema sijui kama ilisaidia, ila miaka ishirini baadaye volkano ikaufunika mji wote, ubishi ukaishia hapo.

Sasa njoo kwa mama chapati. Kila kisa kilipotajwa, yeye asiyejua mpira aliuliza swali moja, kwa sauti ile ile ya kuuliza unataka ngapi.

"Hao walikufa kwa nini hasa? Walipigwa mateke?"

Mtu wa tatu wa fundi alikuwa na kisa cha Accra, Mei 2001, mwezi wa tano ambao aliusema ni "ule baada ya Aprili". Hearts of Oak wamemfunga Asante Kotoko, mashabiki wa Kotoko wanang'oa viti na kuvirusha. Waliokufa 126.

"Kwa viti?"

Hapana, mama. Polisi walipiga mabomu ya machozi, watu wakakimbilia nje, wakakanyagana.

"Si walitoka nje?"

Milango ilikuwa imefungwa.

Akaandika kitu kwenye boksi la unga. Akaja wa Lima, Peru na Argentina, 1964, goli la Peru limekataliwa, watu wameingia uwanjani. 328. "Walipigana?" Kidogo. Mabomu ya machozi, mama, halafu ngazi za kutokea zina mageti ya chuma, yamefungwa. Akaandika tena. Akaja kijana wa Malang, Indonesia, Oktoba 1, 2022. Mashabiki wa timu ngeni walikuwa wamezuiwa kabisa kuja, kwa hiyo hata wa kupigana naye hakuwepo. Wenyeji wakaingia uwanjani baada ya kufungwa, polisi wakapiga mabomu mpaka kwenye majukwaa, milango ikawa myembamba. Kijana akataja idadi yote, 135, akaitamka mpaka mwisho wake, halafu akakumbuka kanuni akatia mkono mfukoni kutafuta jero. Mama chapati akamwambia weka hela yako. Mwiko haukugonga.

Mwalimu akaongeza Hillsborough, Sheffield, Aprili 1989. Hakuna aliyempiga mtu pale. Watu walibanwa kwenye vizimba vya chuma, wamekufa 97, na kwa miaka mingi wakaambiwa walevi hao wamejiua wenyewe. Baraza la mahakama lilisema mwaka 2016 kwamba mashabiki hawakuwa na kosa. Miaka ishirini na saba.

Mama chapati akasoma boksi lake la unga. "Mimi mpira siujui. Lakini hapa nimeandika mlango, mlango, mlango mwembamba, vyuma. Mbona mnabishana kuhusu mpira?"

Mzee wa kahawa, ambaye siku zote anakaa karibu na ukuta na hajawahi kuniambia yeye ni timu gani, akageuka kwangu.

"Mwanangu, mechi ikianza, yule kijana wako anafunga komeo la wapi?"

La nje, baba.

"Kwa nini la nje?"

Wasizamie bila kulipa.

"Na siku ya watani tunakuwa humu wangapi?"

Mia na kitu.

Akaelekeza kidole juu, kwenye waya wa feni ambao mpwa wangu ameuunga kwa mfuko wa nailoni. Hakusema neno. Nami kwa miaka kumi nilikuwa nasema watu wa mpira ni wagomvi, na komeo lipo mikononi mwangu.

Kwa hiyo hatua hii ifanye kabla ya mdahalo, usingoje uumbuliwe mbele za watu kama mimi. Toboa mlango wa pili, upande usio na wa kwanza. Ufunguke kwa kusukumwa kwenda nje. Mlango wa kuvuta ndani hauvutiki watu wakiwa wameulalia. Komeo la nje litoe, usiseme utalifunga "kidogo tu". Fundi wa kuchomelea alinifanyia wa bati na fremu ya bomba kwa siku moja. Wazamiaji wadhibiti kwa mhuri mkononi. Mimi nina mhuri wa zamani wa duka la marehemu, umeandikwa IMELIPWA, watu wanaupenda, wengine hawanawi siku mbili. Toa benchi moja la katikati pawe njia. Weka kikomo cha watu: kwangu themanini, wa themanini na moja asikilize dirishani. Napoteza hela, ndiyo. Waya wa feni mwite fundi umeme, siyo mpwa.

Kuhusu mkeka, ile karatasi ya kubeti, nitasema kwa kifupi, maana wengi hawapendi. Yule kijana wa benchi tulimuuliza siku ile ile: ulivuta kwa uchungu wa timu? Akasema hapana, alikuwa amebeti sare, na mapumziko ilikuwa sare. Hela yenyewe ilikuwa marejesho ya bodaboda. Ugomvi mwingi niliouona kibandani ukiufuata nyuma utakuta mkeka uliochanika, au chupa, au mtu mrefu aliyekaa mbele. Mapenzi ya timu yanaleta kelele na matusi ya chura kwa Yanga na mikia kwa Simba, na hayo hayajawahi kuvunja mbao. Mikeka kwangu sasa inaachwa mfukoni, na warefu wanakaa nyuma. Wamelalamika. Nimewaambia wakalalamike kwa baba zao.

Kura iwe ya siri, la sivyo watu wataangalia jirani kanyoosha nini. Ndoo yenye kifuniko, punje ya harage kwa anayetaka mpira ufutwe, punje ya hindi kwa anayepinga. Hesabu mbele ya wote. Kwetu maharage yalikuwa 41, mahindi 38. Ndiyo, mpira ulifutwa. Nilishika ukuta. Baadaye niligundua mashabiki wengi wa Simba walipiga harage kwa hasira za Novemba, na Yanga kadhaa walipiga harage ili matokeo yabaki yalivyo milele, kusiwe na mechi ya kulipiza.

Mwenyekiti wa mtaa akaandika muhtasari kwa mkono wake, akaugonga muhuri, akaondoka mshindi. Ijumaa jioni mwanawe akaja mbio kibandani: "Shikamoo mama. Baba anauliza kesho mechi ni saa ngapi, na umwekee nafasi karibu na feni." Nikamuuliza, na ule muhtasari? Mtoto akasema baba ameusoma tena. Umeandikwa Jumatatu. Haukuandikwa ipi.

Hela za faini usitie mfukoni, zitaleta ugomvi mwingine. Nunua sukari na majani, watu wanywe chai kabla hawajaondoka. Aliyelipa nyingi kuliko wote ni fundi cherehani, buku mbili na jero. Ukitaka kujua aliteleza mara ngapi, gawanya mwenyewe.